Shangazi, wiki tatu zimebaki na korosho ziko chini

SWALI: Shikamoo shangazi. Dada yangu na wanawe wanne wapo hapa Mikindani, Mtwara, kutoka Dar es Salaam, na mvua zikianza tu wanaondoka. Wiki tatu zimebaki. Mimi nashinda na korosho: nisipoziokota na kuzianika mapema zitanyeshewa, daraja lishuke. Watoto wanashinda na simu. Tutafurahi saa ngapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hao watoto wape ndoo. Waokote asubuhi, jua halijawa kali. Wakifyonza mabibo, yale matunda ya mkorosho, wavae nguo kuukuu, maana doa lake halitoki; nina khanga ya harusi inayoshuhudia. Dada yako naye ainame, si mgeni huyo.

Halafu tazama mwezi. Ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua, na pwani yetu hii maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Siku hiyo korosho zisubiri. Chukueni sufuria, mihogo na nazi mbili, pandeni kivuko mwende Msangamkuu. Mwombeni bibi mmoja wa huko awaonyeshe watoto tundu la pweza. Mpigeni pweza jiweni mpaka alegee, mkampike palepale kivulini. Dada yako akune nazi, wewe ulale kidogo mkekani.

Jioni chemsheni ming'oko, ile mizizi ya porini, muwaite majirani.

Simu zitaisha chaji zenyewe. Na pweza akibaki, mimi nipo Shangani, sina haya.