Choo Kigumu: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 alipewa laktulosi kwa ajili ya choo kigumu. Baada ya wiki chupi ikawa inachafuka kinyesi chepesi. Nikajua anaharisha, nikaacha dawa. Sasa hapati choo kabisa. Akibanwa anajificha kwenye kona, anakaza miguu na kulia. Nimekosea wapi?

JIBU: Mama, yawezekana sana mtoto hakuwa anaharisha. Kinyesi kikikaa siku nyingi kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, hushikamana kuwa donge, kisha kile chepesi kinachotoka juu hupenya pembeni na kuvuja, wala mtoto hana habari. Hutoka kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na ukipapasa tumbo la chini upande wa kushoto huenda ukagusa mabonge. Kuacha dawa hapo ndiko kulikoharibu: kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji, basi donge likazidi kukauka. Na kule kukaza miguu si kusukuma. Anazuia, kwa sababu aliwahi kuumia.

Mpeleke apimwe. Donge likithibitishwa, litatolewa kwanza, mara nyingi kwa makrogoli, dawa ya unga ya kulainisha choo, ambayo dozi yake hupandishwa siku hadi siku kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Siku hizo atajichafua zaidi, usitishike. Likishatoka ndipo inakuja dozi ya kuendelea nayo. Ikiwa ni laktulosi, mtoto wa mwaka 1 hadi 5 kwa kawaida hupewa mililita 2.5 hadi 10 mara mbili kwa siku. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya jikoni havilingani. Dawa hii huchukua siku 2 hadi 3 kuonyesha kazi, kwa hiyo anayeongeza kila asubuhi kwa kuona “haifanyi kitu” ataharishiwa siku ya nne.

Choo kikishalainika, usiiache. Puru iliyotanuka huchelewa kurudi hali yake. Endelea wiki kadhaa, pengine miezi, kisha punguza polepole. Baada ya kula mkalishe chooni dakika 5, miguu ikanyage kigoda ili magoti yapite usawa wa nyonga. Usimgombeze.

SWALI: Nina miaka 63 na figo zangu ni dhaifu. Jirani amenishauri maziwa ya magnesia, anasema yanafungua choo siku hiyohiyo. Ninywe?

JIBU: Hapana, mzee wetu. Ni kweli yanafanya kazi ndani ya saa chache, ila sehemu ya magnesiamu huingia kwenye damu, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Ikirundikana, misuli hulegea, presha hushuka na mapigo ya moyo huvurugika. Chumvi za fosfeti, ambazo nazo hutumika kufungua choo, ni hatari zaidi: mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuzidisha dozi 1 ndani ya saa 24 kunaweza kudhuru figo na moyo, hata kuua.

Muulize daktari wako kuhusu makrogoli, ambayo karibu yote hupita bila kufyonzwa. Ile ya unga mtupu, mtu mzima hunywa gramu 17 zilizokorogwa katika maji mililita 120 hadi 240, mara moja kwa siku. Choo huja baada ya siku 1 hadi 3. Pakiti nyingine zimechanganywa na chumvi, basi soma maelezo yake. Kama umewekewa kiwango cha maji kwa siku, hesabu na haya.

Lakini ikiwa choo kimebadilika karibuni tu, kina damu, au unapungua uzito, upimwe kwanza. Tumbo likivimba, ukatapika na hata hewa haitoki, usinywe dawa yoyote ya choo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Laktulosi inanijaza gesi. Niache?

JIBU: Bakteria wa utumbo mpana huichachusha, ndiyo maana. Rudi nusu ya dozi, upande taratibu. Wengi hutulia baada ya siku chache. Isipotulia, omba makrogoli.