Maswali na majibu: Ukoo ambao kila mwanamume ni Heinrich

Maswali ya wiki hii yanahusu ukoo mmoja wa makabaila wadogo wa Ujerumani: Reuss, waliotawala Greiz, Gera na vijiji vya jirani katika Thuringia.

Ni kweli wanaume wote waliitwa Heinrich? Na huyo Heinrich LXXII, ina maana walishatawala 71 kabla yake?

Jina ni kweli, kwa heshima ya Kaisari Heinrich VI aliyefariki 1197. Namba ndiyo inayochanganya watu. Kwa wafalme huhesabiwa waliokalia kiti. Kwa Reuss alihesabiwa kila mtoto wa kiume aliyezaliwa, hata aliyekufa mchanga. Tawi dogo la ukoo lilianza kuhesabu upya kila karne, na Heinrich LXXII alizaliwa 1797, karne ikielekea ukingoni. Ndiyo sababu namba yake ni kubwa hivyo.

Nchi yenyewe kiganja tu. Iligawanywaje mara nyingi vile?

Kwa urithi. Mzaliwa wa kwanza hakuchukua vyote. Kila ndugu alipewa fungu lake. Mwaka 1564 ukoo ulipasuka matawi matatu: kubwa, la kati na dogo. La kati lilikwisha 1616 kwa kukosa mrithi.

Katika tawi dogo alizaliwa, mwaka 1572, Heinrich Posthumus, aliyeitwa hivyo kwa kuwa baba yake alikwisha kufa. Huyu nampenda kuliko wote. Alijenga shule Gera mwaka 1608, na kabla hajafa akajitengenezea jeneza kwa siri. Alichagua mwenyewe aya za Biblia na beti za tenzi za kuandikwa juu yake, kifuniko na ubavu. Alifariki Desemba 1635, Vita vya Miaka Thelathini vikiwa vimepamba moto. Heinrich Schütz, mzaliwa wa Köstritz katika ardhi hiyohiyo ya Reuss, akayatia maneno ya jeneza lile katika muziki, ukaimbwa mazikoni Februari 1636.

Wanawe walifanya nini? Mwaka 1647 wakagawana: Gera, Schleiz, Lobenstein, Saalburg. Mwaka 1678 Lobenstein nayo ikakatwa vipande vitatu, kimojawapo Ebersdorf. Kila kipande kilihitaji kasri, makarani na mahakama, na mzigo wote ulimwangukia mkulima yuleyule.

Shikamoo mwalimu. Sisi Tukuyu ni Wamoravian. Wanawake wa koo hizo walikuwa na kazi gani zaidi ya kuolewa?

Marahaba, mwanangu. Swali lako linakuhusu kuliko unavyodhani. Kwenye kasri la Ebersdorf alilelewa Erdmuthe Dorothea wa Reuss, aliyezaliwa 1700. Mwaka 1722 aliolewa na Zinzendorf, kabaila wa Saxony (nchi nyingine ya Ujerumani), na mwaka huohuo wakimbizi wa dini kutoka Moravia, sehemu ya Cheki ya leo, wakaanza kujenga Herrnhut katika shamba la mumewe. Zinzendorf alikuwa mhubiri na msafiri; vitabu vya hesabu, madeni na wageni wasiokwisha vilibaki mikononi mwa mkewe. Mwaka 1732 mali ya mume ikaandikishwa kwa jina la mke, na Zinzendorf alipofukuzwa Saxony mwaka 1736, ardhi ya Herrnhut haikupotea. Erdmuthe alitunga pia tenzi.

Ni kutoka Herrnhut hiyo walikotumwa wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891.