Nimeua 1,000, mwenzangu 12: nani mkali?

SWALI: Kwenye duka letu la gemu tuna ubao wa washindi. Mimi hucheza Dynasty Warriors na naua zaidi ya 1,000 katika pambano moja. Jirani yangu ni wa PUBG Mobile, hajawahi kupita 12. Kuna fomula ya kulinganisha idadi hizi ili nafasi zipangwe kwa haki? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hakuna, na atakayekuuzia fomula hiyo anataka pesa zako tu. Nasimamia mashindano ya gemu hapa Kisumu na ubishi huu hauishi.

Dynasty Warriors ilitengenezwa ufyeke umati. Wengi wa askari wale husimama na mikuki yao wakikukodolea macho hadi upanga uwapitie. Jirani yako anaingia Erangel, ramani ya PUBG Mobile, yenye wachezaji 100 pamoja naye, kwa hiyo hata angewamaliza wote peke yake angeishia 99. Naye anayecheza Shadow of the Colossus ya 2005 ana majitu 16 tu ya kuua, basi. Utamwita mnyonge?

Kinachonichosha zaidi ni wanaodhani wakibaki ndani ya gemu moja hesabu inakuwa safi. Mechi za ngazi za chini za PUBG Mobile hujazwa roboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta. Roboti utamjua: anakatiza uwanja mtupu bila kujificha, anasimama wima, risasi zake zinapiga ukuta ulio kando yako. Ukiua 15 wa aina hiyo ukiwa Bronze, ngazi ya chini kabisa, tafadhali usijipime na aliyeua wanne kule Conqueror, ngazi ya juu kabisa.

Halafu kila gemu ina namna yake ya kuhesabu. Katika Overwatch, adui mmoja akishambuliwa na watatu akafa, wote watatu huandikiwa. Jumlisha za timu nzima uone: utapata maiti wengi kuliko waliokufa! Doom ya 1993 ilikuwa na busara zaidi, kwani mwisho wa hatua ilikuonyesha asilimia ya maadui uliowaua. Hata hivyo, asilimia mia kwenye kiwango rahisi si sawa na ile ya kiwango kigumu, chenye maadui wengi zaidi.

Kwa hiyo gawanyeni ubao: kila gemu na safu yake, na kando ya jina iandikwe aina ya mechi na ngazi.

Ila mkishatundika ubao, watakuja wale wa "nitakupandishia uwiano wa kuua na kufa". Nawachukia. Atakuomba nywila, atacheza kwa jina lako na programu ya kulenga yenyewe, namba zipande upesi. PUBG Mobile ikimnasa, inayofungiwa ni akaunti yako, na adhabu yao hufika miaka 10. Yeye pesa yake iliingia M-Pesa mapema, na laini hiyo ukiipigia haipatikani. Wenye akaunti za kuuza zenye takwimu nono nao ni wale wale: ukishalipa, mwenyewe anaweza kuirudisha kwa barua pepe aliyofungulia, nawe ubaki huna akaunti wala pesa.