Kaka hajibu meseji zangu za kuomba msamaha

Dada mmoja wa Morogoro anatuandikia kwamba baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeshika daftari na fedha za rambirambi. Akachota 600,000 alipie ada ya mtoto, akinuia kuzirudisha. Kaka yake mkubwa alipouliza mbele ya ukoo, dada huyu akamwita kaka mwongo. Huu ni mwaka wa nne hawasemezani. Amemtumia meseji ndefu tatu za WhatsApp. Tiki za buluu zinaonekana, jibu hakuna. Anauliza: Mkristo si ameamriwa kusamehe saba mara sabini? Na je, ambane Krismasi wakikutana nyumbani?

Dada, hayo ya saba mara sabini (Mathayo 18) aliambiwa Petro, aliyeuliza kama mtu aliyekosewa. Wewe uliyekosa huwezi kumdai nayo kaka yako. Lako ni Mathayo 5:23-24: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane naye. Uende, si utume meseji.

Na usiende mikono mitupu. Hesabu 5:7 inamtaka aliyekosa aungame, arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Kwako ni 720,000. (Zakayo aliahidi mara nne, hatukufikishi huko.) Kama huna zote, ahidi 120,000 kila mwezi kwa miezi sita, na ya kwanza iwe tayari kabla hujafungua mdomo. Ila fedha hizo ni za familia. Zipitie kwa mzee mmoja wa ukoo, ziandikwe na kusainiwa. Ukimpa kaka bahasha mkononi, itaonekana unamnunua.

Tunavyoona, kinachomuuma zaidi si fedha. Laki sita husameheka upesi kuliko kuitwa mwongo mbele ya baba wadogo na mashangazi.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja anayemheshimu, baba mdogo au mzee wa kanisa lao, si mume wako. Apeleke ombi moja tu: nusu saa, siku na mahali achague kaka. Ukifika sema: "Shikamoo kaka. Nilichukua laki sita za rambirambi za baba. Ulipouliza nikakuita mwongo, na wewe ndiye uliyesema kweli. Nimekosa, nisamehe." Nyamaza hapo. Usitie "kama nilikukosea", wala "shetani alinipitia" (huyo amesingiziwa mengi), wala habari ya ada mpaka aulize. Akifoka, mwache amalize. Ana ya miaka minne moyoni. Kisha mwombe ruhusa urudie maneno hayohayo kwenye kikao cha ukoo, maana ulimvunjia heshima hadharani.

Krismasi hapana. Nyumba imejaa wakwe na watoto, pilau liko jikoni. Atakukumbatia kwa kuogopa macho ya watu, na Januari kinyongo kiko palepale.

Akikataa kuonana nawe, lipa vilevile. Warumi 12:18 inasema "kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote", na upande wako ni kukiri na kulipa. Kusamehe ni juu yake. Kuaminiwa tena ni jambo jingine kabisa, huchukua miaka: hata akikusamehe wiki ijayo, msiba mwingine ukitokea usitegemee kukabidhiwa daftari, na usinune.