Nani anatawala Leigh: Wigan au Manchester?

Swali: Nimehamia Leigh, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Bili ya kodi ya halmashauri inataja Wigan, kisha Meya wa Greater Manchester mara mbili. Gazetini nako nimemwona meya wa Wigan, mkufu wa dhahabu shingoni. Kero zangu nimpelekee nani?

Jibu: Ndugu msomaji, nyingi zipeleke Wigan. Manispaa hiyo ilianza rasmi 1 Aprili 1974, Leigh ilipounganishwa na Wigan, Atherton, Tyldesley na miji mingine jirani, na wapo wenyeji wa Leigh ambao mpaka leo hawataki kuitwa watu wa Wigan. Shule, mashimo ya barabara za mtaani, vibali vya ujenzi, matunzo ya wazee: yote ni ya halmashauri. Hata taka. Manispaa nyingine tisa za mkoa wa Greater Manchester huachia mamlaka ya juu kazi ya kuziteketeza au kuzichakata; Wigan hujimalizia yenyewe.

Ina kata 25 na madiwani 75, watatu kila kata. Anza na hao watatu wa kwako. Mwenye usukani ni kiongozi wa halmashauri na baraza lake dogo. Meya wa mkufu huchaguliwa na madiwani wenzake kwa mwaka mmoja. Huendesha vikao na kuhudhuria sherehe, basi. Usimpelekee habari za bili.

Ile mistari miwili ya bili ni ya meya mwingine kabisa, wa Greater Manchester. Halmashauri ya mkoa wa Greater Manchester ilifutwa 1986, na kazi zake nyingi zikashushwa kwa manispaa kumi. Lakini basi halijui mpaka wa manispaa, wala jambazi. Ndipo 2011 ikaundwa Mamlaka ya Pamoja ya manispaa hizo kumi, na 2017 wananchi wakamchagua meya wake wa kwanza, Andy Burnham. Mstari mmoja ni wa polisi; wa pili ni wa zimamoto na shughuli zake nyingine. Mabasi ya manjano unayoyaona pia ni yake: Wigan na Bolton zilitangulia kuyapata, Septemba 2023.

Hukuuliza kuhusu kura, ila nadhani itakufaa. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, mathalani Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda, anayeishi huko kihalali na aliyefikisha miaka 18, anaweza kumpigia kura diwani na meya huyo wa mkoa. Jiandikishe kwanza, na siku ya kura nenda na pasipoti. Ya nchi yako inakubalika.