Swali la lugha: Programu huwekwa ndani ya chombo, kasha au kontena?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhandisi wa programu hapa Dar es Salaam. Kampuni yetu inauza tiketi za mabasi ya mikoani kwa simu, nami nimepewa kazi ya kuandika mwongozo wa Kiswahili kwa wahandisi wapya. Nimeandika hivi: "Programu yetu imegawanywa katika vijihuduma vilivyokontenishwa ndani ya vyombo ili vikimbie kwenye seva kwa ufanisi wa rasilimali." Mwenzangu wa Nairobi hataki chombo, anataka kontena. Bosi anataka kasha. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme kontena hii au kontena hili?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako wa Nairobi yuko sahihi, na sababu si kwamba neno limezoeleka tu.

Chombo ni neno pana. Sufuria ni chombo, redio ni chombo cha habari, polisi ni chombo cha dola. Upana huo ungevumilika. Kinachonisumbua ni kwamba kwa mtu wa pwani, chombo kikitajwa peke yake ni kile kinachoelea: jahazi, mashua, ngalawa. Ukisikia "chombo kimetia nanga," humfikirii mwenye sufuria. Sasa tazama kazi yenu. Kontena, yaani kifurushi kinachofunga programu pamoja na vyote inavyohitaji ili ifanye kazi, ni mzigo, na seva, kompyuta kubwa inayoiendesha, ndiyo inayobeba. Ukiuita mzigo chombo, umeipa shehena jina la meli, na mhandisi mgeni anayesoma mwongozo wako hatajua kipi kimepakiwa ndani ya kipi.

Nalisisitiza hili kwa sababu mbinu yenyewe ya kubana matumizi imejificha hapo hapo. Kabla ya makontena kuenea, desturi ilikuwa kuigawa seva moja katika mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta halisi, kila moja na mfumo endeshi wake kamili. Ni kama kila mfanyabiashara wa Kariakoo akodi meli yake, nahodha wake na injini yake, kuleta mzigo usiojaza hata pembe moja ya sitaha. Makontena hayafanyi hivyo. Yote yaliyomo katika seva moja hutumia kiini kimoja cha Linux, yaani kernel, moyo wa mfumo endeshi. Kila kontena lina programu yake na maktaba zake (vipande vya msimbo ambavyo programu huvitegemea), limefungwa, halioni mambo ya jirani, ila injini inayoyasukuma yote ni moja. Ndiyo maana kontena huwaka kwa sekunde chache au chini ya hapo, na kumbukumbu ambayo ingeliwa na mifumo endeshi kumi inabaki kwa kazi ya wateja. Toka mwaka 2008 kiini cha Linux kina utaratibu uitwao cgroups, ulioanzishwa na wahandisi wa Google, unaolipimia kila kundi la programu fungu lake na kulizuia lisile la wenzake. Wewe mwenyewe ukiandika "250m", yaani sehemu 250 za elfu moja, katika faili la Kubernetes, programu inayosimamia makontena, umelikatia kontena robo ya prosesa moja. Neno fungu linakaa vizuri sana hapo, na sijui kwa nini halitumiki zaidi.

Walioliazima neno hili waliliazima bandarini kwa makusudi. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa imebeba makontena 58 ya mfanyabiashara Malcom McLean. Kabla ya hapo makuli walishusha gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku, na meli ikakaa gatini siku nyingi. Kontena lilipokuja, winchi haikuhitaji tena kujua kama ndani mna mitumba au vipuri vya pikipiki, maana boksi ni la kipimo kile kile popote liendapo. Ndivyo ilivyo kwa programu: seva haiulizi ndani mna lugha gani ya kompyuta, inapokea na kuendesha. Docker, programu ya kutengeneza na kuendesha makontena, ilipotoka mwaka 2013 ikaitwa kwa jina la kuli wa bandarini. Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani, na nembo yake ni usukani wa meli. Familia nzima ya maneno imetoka baharini, na sisi ni watu wa bahari. Tungeiachaje?

Tena tumeshaanza bila kujua. Unapotoa faili kwenye intaneti unasema unalipakua, na ukilipeleka unalipakia, kama shehena. Rubani alikuwa mtu wa baharini kabla ya kupewa ndege, na nahodha leo yuko hata uwanja wa mpira. Kwa hiyo andika bila wasiwasi kwamba huduma imepakiwa katika kontena, kwamba seva imejaa shehena, kwamba Kubernetes inapanga mzigo upi ukae seva ipi. Msomaji ataiona picha nzima.

Bosi wako naye hajakosea lugha. Kasha ni Kiswahili safi, na katika habari za bandari utakuta makasha yakiandikwa kwa maana hiyo hiyo. Ila kasha, kwa watu wengi, ni lile la bibi lililonakshiwa kwa njumu za shaba, lenye kanga na hirizi ndani, likikaa ukutani miaka arobaini. Kasha hutunza. Kontena hupakiwa, huhamishwa na likichakaa huondolewa likaletwa jingine, na hilo ndilo linalotokea kwenye seva zenu kila siku. Ningemwachia kasha mshairi.

Kuhusu ngeli: watu wa bandarini na magazeti husema makontena, basi umoja wake ni kontena hili, kontena limejaa, makontena yamejaa. Seva na programu zibaki "hii" na "hizi." Usichanganye ndani ya ukurasa mmoja, maana hapo ndipo msomaji huanza kuutilia shaka hata ufundi wenu.

Vijihuduma, ulivyoviita vile vipande vya programu ambavyo kila kimoja hufanya kazi yake (microservices kwa Kiingereza), sivitaki. Kwanza, kipashio -ji- huingia panapokuwa na shina fupi, kama mto na kijito, au neno ambalo tayari lina ki-, kama kitabu na kijitabu. Huduma haina haja nacho, ingekuwa kihuduma. Pili, udogishaji wetu huja na dharau mara nyingi. Kijitu si mtu mfupi tu. Huduma ya malipo ya kampuni yenu hakika hamuidharau. Kiswahili kina njia yake ya kusema vitu vingi, vidogo, kila kimoja kivyake: hurudufu kivumishi. Mama akikwambia ukate nyama vipande vidogovidogo, huleti vipande viwili. Tuna biashara ndogondogo, na hakuna anayedhani ni biashara moja iliyopungua. Andika huduma ndogondogo. Na ile programu ya zamani iliyobeba kila kitu iite programu ya jiwe moja, kwa kuwa ndiyo maana ya asili ya jina lake, monolith, lililotoka katika Kigiriki, na inaeleweka hata kwa asiyejua hadithi yake.

"Vilivyokontenishwa" ni kitenzi cha kulazimisha; tuna kupakia na tuna kufunga. "Vikimbie" ni Kiingereza, run, kilichovaa kanzu. Programu huendeshwa, au hufanya kazi.

Limebaki "ufanisi wa rasilimali," na hapa sitaki kupita haraka. Ufanisi umetoka katika kufana, kama arusi inavyofana, kwa hiyo tungo lako linasomeka kana kwamba rasilimali ndizo zilizofanikiwa. Halafu rasilimali, kwa msomaji wa kawaida, ni mtaji, madini, misitu. Taja kitu chenyewe: kumbukumbu, prosesa, nafasi ya diski. Ukivitaja, utalazimika pia kusema ukweli wote, maana kugawa programu hakupunguzi matumizi kwenyewe. Kila huduma ndogo ina gharama yake ya kuwashwa na ya kuwasiliana na wenzake kwenye mtandao, na zikizidi kuwa nyingi zinaweza kula kumbukumbu kuliko lile jiwe moja. Faida huonekana pale mahitaji yanapopishana. Chukua Desemba, watu wanaporudi Moshi na Rombo kwa sikukuu. Wanaotafuta viti ni wengi mno, wakati huduma ya kusajili mabasi mapya imelala. Katika programu ya jiwe moja mngelazimika kunakili kila kitu, hata kilicholala. Kwa makontena mnaongeza nakala za huduma ya viti peke yake, mnazijaza kwenye seva zenye nafasi, na Januari mnazipunguza. Hilo ndilo la kuwaambia wahandisi wapya, na neno ufanisi peke yake haliwaambii.

Mimi ningeandika hivi: "Programu yetu imegawanywa katika huduma ndogondogo, kila moja imefungwa katika kontena lake. Makontena mengi hupakiwa katika seva moja na kutumia kiini kimoja, hivyo tunapunguza kumbukumbu na prosesa zinazokaa bure, na tunaongeza nakala za huduma ile tu inayohitajika zaidi." Ni ndefu kuliko yako kwa sentensi moja. Mpe mwenzako wa Nairobi aisome kwa sauti. Kama ataelewa bila kuuliza, ichapisheni.