Kubadilisha nyavu za madirisha: anza na fremu na mfereji, wavu ndio wa mwisho

Mkuu, umeuliza kama ununue nyavu kamili zenye fremu au ubadilishe wavu peke yake, na wavu upi ni mzuri kati ya ule laini na ule wa waya. Watu wengi huanzia kwenye wavu kwa sababu ndio unaoonekana umechanika. Mimi naanzia kwenye fremu, maana wavu ukikosea unaukata mwingine, lakini fremu ikikosewa vipimo hiyo ni chuma chakavu.

Toa fremu moja moja, ilaze kwenye meza au sakafu iliyonyooka, kisha pima kutoka kona hadi kona, kimshazari, pande zote mbili. Tofauti ya milimita 2 au 3 si neno. Ikizidi 5, fremu imekaa upande, na ukiirudisha utaona upenyo wenye umbo la kabari kwenye kona, ambao mbu ataupata kabla yako. Angalia kona pia: vile vipande vya plastiki vinavyounganisha alminiamu hukauka kwa jua na kupasuka. Kona ikipasuka si lazima fremu itupwe, kona huuzwa peke yake, ila nenda na kipande cha fremu mkononi, kwani unene wa milimita 8 na wa milimita 11 unafanana sana kwa macho na kona zake haziingiliani. Alminiamu ikiwa imekunjika katikati, usihangaike kuinyoosha. Hainyooki ikakaa, achana nayo, agiza mpya.

Kama fremu ni nzima, kubadilisha wavu peke yake ndiyo njia yenye akili. Kinachoshika wavu ni ule uzi wa mpira unaoingia kwenye mfereji unaozunguka fremu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Usirudishe mpira wa zamani. Umeshakakamaa na kupungua, utaingia vizuri leo, wiki chache baadaye wavu unaanza kuteleza upande mmoja. Unene wa mpira huuzwa kwa tofauti ndogo sana: 3.2, 3.6, 4.1, 4.6 na kadhalika. Kata kipande cha ule wa zamani mahali ambapo haujabonyea, uende nacho. Halafu kumbuka kwamba wavu nao unakaa ndani ya mfereji pamoja na mpira. Ukihama kutoka wavu mwembamba kwenda wavu mnene wa kuzuia kucha za paka au mbwa, mpira lazima ushuke ngazi moja, vinginevyo utaulazimisha na kupanua mfereji. Kipimo kizuri ni hiki: mpira uingie kwa kusukumwa na kigurudumu (kifaa kidogo chenye mpini cha kubonyezea mpira mferejini) kwa nguvu ya mkono, usiingie kwa kidole, na usihitaji nyundo.

Kuhusu wavu wenyewe. Ule laini wa nyuzi za kioo zilizofunikwa plastiki ndio ningekushauri kwa madirisha mengi. Haushiki kutu, haukunjiki ukabaki na alama, na mtu asiye fundi anaweza kuufunga. Ubaya wake ni moto na makali: ncha ya sigara au dawa ya mbu ya kuchoma ikiugusa, tundu limeshatokea. Wa alminiamu ni mgumu zaidi, lakini kidole kikiusukuma unabaki na bonde lisilotoka. Waya wa chuma uliopakwa zinki ni wa muda tu kwenye unyevu. Kutu huanzia pale waya zinapopishana. Chuma kisichoshika kutu ndicho kinachodumu, hasa panya wakiwa tatizo. Karibu na bahari tafuta daraja la 316, si 304, na hata hivyo ujue kwamba chumvi ikikaa kati ya chuma hicho na fremu ya alminiamu, inayoliwa ni alminiamu. Kwa fremu za alminiamu pwani, wavu laini unatosha na hauleti ugomvi huo.

Ukubwa wa matundu huandikwa kwa hesabu ya matundu kwenye inchi moja. Wa kawaida ni 18 kwa 16, yaani tundu la kama milimita 1.1 kwa 1.3. Huo unazuia mbu na nzi. Visubi, wale wadogo kama vumbi, hupita. Kwao unahitaji 20 kwa 20, ambao tundu lake liko karibu na milimita 1. Lakini usiweke wavu wa visubi nyumba nzima kwa tahadhari tu. Kadiri tundu linavyokuwa dogo ndivyo hewa inavyopungua na vumbi linavyoganda, na chumba cha joto utakijutia.

Sasa kiasi. Kila upande wa wavu uzidi fremu kwa sentimita 5. Fremu ya 60 kwa 120 inahitaji kipande cha 70 kwa 130, na mpira wa mita 3.6 kuzunguka, chukua mita 4. Kabla ya kulipa, uliza upana wa jora la wavu. Ukiwa na madirisha sita ya kipimo hicho na jora ni la upana wa sentimita 120, unakata mita 7.8 na kutupa ukanda wa sentimita 50 urefu wote. Jora la sentimita 150 linakaa vipande viwili ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mita 3.9 zinatosha. Ni nusu ya urefu, kazi ile ile.

Kufunga: safisha mfereji kwa mswaki mkavu kwanza, mchanga ukibaki mpira hautulii. Bana fremu kwa vipande vya mbao ndani na nje ya pande ndefu ili zisitembee. Tandaza wavu, nyuzi zikiwa sambamba na fremu. Wavu laini unaweza kuanza moja kwa moja na upande wa kigurudumu wenye bonde, ule unaokalia mpira. Wavu wa chuma unaingizwa kwanza mferejini kwa upande wenye mgongo, ndipo mpira ufuate. Anza kwenye kona, funga upande mmoja mrefu, kisha mfupi, endelea kuzunguka. Kigurudumu kisifike hadi konani, kitateleza na kuchana wavu. Sentimita 3 za mwisho sukuma mpira kwa bisibisi bapa iliyotolewa makali.

Kosa kubwa ni kuvuta. Mtu anauvuta wavu uwe kama ngozi ya ngoma, kisha mpira unapoingia unauvuta tena, na fremu inabanwa kiunoni. Ukiiweka dirishani, katikati inaacha upenyo kila upande. Wavu ushikwe usiwe na mikunjo, basi. Mpira wenyewe utaukaza. Fremu inayozidi mita 1.2 iwekewe mkono wa katikati, yaani upau unaounganisha pande mbili ndefu, haijalishi muuzaji anasema nini. Mwisho kata ziada kwa wembe mpya, ukipita upande wa nje wa mpira na ncha ikielekea nje. Wembe butu hauukati wavu, unauchomoa.

Kwa zile fremu zilizopinda utakazoagiza mpya, usipeleke kipimo cha fremu ya zamani, huenda nayo ilikosewa. Pima dirisha: upana mara tatu, juu, katikati, chini. Ukipata milimita 603, 600 na 598, shika 598, toa 3, agiza 595. Mwambie fundi wazi kwamba hicho ni kipimo cha fremu yenyewe, la sivyo naye atatoa zake na wavu utacheza.

Urefu una mtego kama fremu inapandishwa kwenye mfereji wa juu wa dirisha kisha inashushwa kwenye ule wa chini. Tuseme kati ya ukingo wa juu na wa chini ni milimita 1,000, mfereji wa juu una kina cha 20, wa chini 8. Fremu ya zaidi ya 1,020 haiingii kabisa. Ya chini ya 1,008 itaingia, ila ikitua chini inachomoka juu. Agiza 1,014: ikitua, juu bado imeshikwa na milimita 6, na ukiinyanyua una milimita 6 za kuitoa.

Madirisha yanayofunguka kwa nje hufungwa wavu ndani, kwa hiyo hakikisha komeo na mkono wa dirisha havigongi wavu. Kwa hayo chukua wavu wenye bawaba au wa sumaku, maana utaufungua kila siku. Na chumba cha kulala ambacho dirisha ndilo njia ya kutokea moto ukitokea, usikaze wavu kwa skrubu. Utoke kwa mkono, kutoka ndani, bila kifaa. Hiyo ina maana pia kwamba mtoto akiuegemea unatoka, kwa hiyo kitanda na kiti visikae chini ya dirisha hilo.